Ule Mvuke Haukuwa Moshi

Masanja, mtani wangu,

Sikuamkii. Mimi na wewe hatujawahi kuamkiana kwa heshima tangu siku ile uliponikuta ofisi ya walimu nakula muhogo wa kuchemsha, ukatangaza mbele ya watu wote kwamba Mgogo akionekana na chakula, kuna mtu mahali fulani ameibiwa. Sasa umekufa, na bado sioni kwa nini nianze adabu leo.

Nimechefuka, ndiyo maana naandika. Nilitaka kukuandikia barua ya amani, ya kusema pumzika na sisi tupo, lakini kila nikishika kalamu kinatoka kinyaa tu. Nimetoka Rwamgasa, nimetoka kwenu Segese, nimerudi hapa Shinyanga, nimeoga, na harufu ya karai la Ngasa bado iko puani. Huyo mdogo wako nitamfikia. Nikianza naye nitavunja kalamu, na kalamu zenyewe siku hizi hazipatikani.

Kwanza ya hapa. Ulipochukuliwa na malaria ile iliyopanda kichwani, hospitali haina hata chupa moja ya maji ya mshipa, tulikuzika kwenu na mimi nikafanya kazi yangu ya utani. Nilikaa ukingoni mwa kaburi nikasema sitoki mpaka nilipwe michembe ya viazi niliyokudai, watu wakacheka huku wanalia. Ilikuwa sawa, ndivyo inavyotakiwa. Wiki chache baadaye shule ikamwambia Mama Kulwa aondoke kwenye nyumba ya mwalimu, kwa kuwa mwalimu mpya wa fizikia alikuwa njiani. Huyo mwalimu hajafika mpaka leo. Nyumba wanakaa popo. Mke wako na mapacha wako walitolewa nje ili popo wapate nafasi, na waliosaini barua ile wananisalimia kila asubuhi wakitabasamu. Kidato cha tano na cha sita nawafundisha mimi, mtu wa hesabu, nikisoma jioni kile nitakachowaambia kesho yake.

Ukoo ukakaa kikao. Ngasa ndiye aliyekuwa na kipato, kwa hiyo wakaamua yeye awachukue Mama Kulwa na watoto, akae nao huko kwenye machimbo ya dhahabu ya Rwamgasa. Alikuja na lori. Nilimwona akipitia vitu vyako sebuleni. Vitabu alivipima kwa mkono, akavirudisha. Tasnifu yako, kurasa zote zile za spini za elektroni, aliifungua, akakuta hesabu, akaifunga upesi kama aliyechungulia chooni kuna mtu. Ninayo mimi. Yeye alichukua redio, baiskeli, na ile picha yako.

Unaijua picha ninayoisema. Umevaa koti jeupe, umesimama kando ya ule mtungi mrefu wa chuma wa kugandishia, na mvuke mweupe umemwagika toka juu mpaka magotini mwako. Unacheka. Ulikuwa na nywele nyingi wakati huo.

Ngoja nikukumbushe Kahama, kwa sababu bila Kahama nisingejua hasira hii inatoka wapi. Tulikwenda kutafuta sabuni ya shule, lori likakatika springi, gesti ikawa na kitanda kimoja tu. Tukalala mzungu wa nne, wewe kichwa huku, mimi kichwa kule. Nikiwa na unyayo wako puani nikakuuliza hasa ulikuwa unafanya nini Ulaya miaka yote ile. Ukajibu: "Hivi tulivyolala ndiyo kazi yangu."

Nikadhani umeanza utani. Ukaeleza mpaka nikasahau huo unyayo. Ukasema kwenye waya wa kawaida elektroni zinakwenda zikijigonga huku na huko, ndiyo maana waya unapata moto. Lakini zipo metali ambazo ukizigandisha mpaka karibu na mwisho wa baridi yote, ukinzani unakatika ghafla na umeme unazunguka bila kupotea. Zebaki ndiyo ya kwanza kuonekana ikifanya hivyo. Kinachotokea ni kwamba elektroni zinaungana mbili mbili. Kila moja ina spini, kijisumaku chake chenye kichwa na miguu, na zikiungana moja inalaza kichwa juu na mwenzake chini, vijisumaku vinafutana. Kwa hesabu hiyo, ukiisogezea sumaku zebaki iliyoganda namna ile, spini zake zisingetakiwa kujibu chochote. Walipopima wakakuta zinajibu. Si kwa nguvu, ila zinajibu, na watu wenye akili zao walikaa wakitazamana.

Hapo ndipo ulipoingia, baada ya wengine wengi. Ukaikata zebaki vitone vidogo kuliko vumbi, kwa sababu ikiwa pande kubwa inaisukuma sumaku nje na huwezi kupima kitu. Ukanieleza kwamba atomu ya zebaki ni nzito, elektroni ikipita karibu na kiini chake inapinduliwa spini, kwa hiyo huwezi kuapa kwamba huyu kalala juu na yule chini. Kazi yako ilikuwa kupima spini inakumbuka mwelekeo wake kwa muda gani kabla ya kupinduliwa. Alumini, ukasema, hii hii ya sufuria za Mama Kulwa, inakumbuka muda mrefu. Zebaki inasahau upesi sana. Nikauliza, na dhahabu je? Maana tulikuwa Kahama, na hata mwenye gesti alikuwa haongei kingine. Ulicheka mpaka kitanda kikalia. Ukasema dhahabu igandishe upendavyo, hakuna aliyewahi kuiona ikifika huko, na kwamba ungependa sana kuwaambia wale jamaa wa sebuleni ila ulikuwa unaogopa kipigo.

Nilikuuliza pia kwa nini umerudi kwenye nchi isiyo na tone la heliamu, kile kimiminika cha kugandishia, ukijua kazi yenyewe haiwezekani bila heliamu. Ukasema mama yako alikuwa peke yake, na kwamba kuna siku ungepata mtu wa kukuletea. Hakuja mtu wala heliamu. Walikutaka Mwadui, kwenye mgodi wa almasi, ukapime mawe yao, ukakataa, ukabaki kufundisha watoto wa watu kwa chaki iliyochanganywa na mchanga. Mimi nilikuita mjinga. Bado nakuita hivyo, kwa mapenzi.

Na zebaki hiyo hiyo, wewe uliyeijua mpaka ndani, ulikuwa unaiogopa. Kipimajoto kikivunjika maabara ulitoa darasa zima nje, ukafungua madirisha yote, ukamwaga unga wa salfa sakafuni, ukavikusanya vitone mwenyewe kwa karatasi. Wanafunzi walikucheka. Ulikuwa unawaambia ikiwa baridi haina neno, ikipata joto ndipo inapomwingia mtu kwa pua na haitoki.

Sasa nifike Rwamgasa.

Likizo ya Juni nilikwenda kuwaona wanao. Nilibeba madaftari na kanga ya Mama Kulwa. Pale sokoni nikauliza kwa Ngasa ni wapi, jamaa mmoja mwenye matope mpaka masikioni akaniambia nifuate picha ya Daktari. Nikadhani sikusikia vizuri. Nikasogea, nikaona banda la mabati, na juu ya mlango, kwa waya, umening'inizwa wewe. Koti jeupe, mtungi, mvuke, kicheko. Kioo kimepasuka kwenye kona na nzi wamekunyea paji la uso.

Mdogo wako anauza zebaki kwenye vichupa vya penisilini. Anawauzia wachimbaji wanaotoka kwenye maduara, yale mashimo yao, wanaichanganya na mchanga kwenye karai ikamate dhahabu, halafu wanaichoma ibaki dhahabu peke yake. Hilo wanalifanya wote, simlaumu yeye tu. Ila wenzake wanauza na kunyamaza. Yeye ana mahubiri. Nilisimama nyuma ya watu nikamsikiliza. Alinyoosha kidole kwenye ule mvuke wako akasema: "Mnauona moshi huu? Kaka yangu aliuvuta Ulaya miaka yote, akarudi na shahada. Hakuuawa na zebaki, aliuawa na mbu."

Watu wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Wakanunua.

Nilizunguka nyuma ya banda nisiendelee kumsikia. Ule mvuke, Masanja. Unyevu wa hewa tu uliopigwa na baridi, sawa na unaomtoka mtu kinywani akiwa milimani asubuhi. Zebaki yako ilikuwa ndani kabisa ya mtungi, imefungwa, imeganda ikawa ngumu kama risasi. Kulikuwa hakuna mahali salama zaidi pa kukaa karibu na zebaki duniani kuliko pale uliposimama, na mdogo wako, damu yako, ameigeuza picha hiyo kuwa cheti cha kuwaulia watu. Wala hajui kama anadanganya. Ameuona mvuke, akajua ni moshi, basi. Ndilo linalonitia kinyaa zaidi, kwamba hata siwezi kumwita mwongo.

Huko nyuma, kwenye chumba cha uani, ndiko nilikomkuta Mama Kulwa. Amechuchumaa kwenye jiko la mkaa, ana karai dogo, anachoma zebaki. Kando ya karai sufuria ya maharage. Doto alikuwa anapepea mkaa, Kulwa amelala kwenye gunia. Chumba hakina dirisha. Mke wako alifurahi kuniona, akanikaribisha, akanipa uji kwenye kikombe, na kikombe kile alikileta Doto. Nusu ya uji ilimwagika njiani, na mtoto hakuwa anacheza. Mikono yake ilikuwa inatetemeka. Alikitazama kile kikombe kwa aibu. Mama yake alisema ni njaa tu, na aliposema hivyo nikaona fizi zake zina damu.

Nilimwambia atoke, atoke siku ile ile. Akanitazama kwa huruma, yeye ndiye anionee huruma mimi. Akasema: "Shemeji, Baba Kulwa alikaa kwenye moshi huu huu. Nikichoma naona kama niko naye."

Nilikuwa na tasnifu yako nyumbani, kurasa zote zile, na sikuwa na sentensi moja ya kumtoa mwanamke yule kwenye jiko lile. Nikamweleza baridi, nikamweleza mvuke. Alitikisa kichwa kwa adabu akaendelea kupuliza mkaa. Nikamfuata Ngasa nikamweleza na yeye. Akanipiga begani akacheka, akasema mtani ameanza. Nikatukana. Akacheka zaidi. Kadiri nilivyotukana ndivyo alivyofurahi, akawaita na jirani zake waje wamsikie mtani wa kaka.

Ndipo nikaona nisubiri misa ya mwaka wako kule Segese, ukoo mzima ukiwepo. Nilijiambia hivi: pale mtani ana ruhusa. Anaweza kusema lisilosemeka mbele ya wakubwa na hakuna wa kumkamata. Mjinga mimi. Nilidhani hiyo ruhusa ni silaha.

Misa iliisha, tukala, watu wakashiba, wakanisukuma nisimame. Nikasimama katikati ya ua wenu. Nikasema Ngasa anauza sumu kwa picha ya marehemu. Wakacheka. Nikasema anawafukiza watoto wa kaka yake kama anayefukuza nyuki. Wakacheka wakapiga makofi. Nikasema Mama Kulwa anatoka damu kwenye fizi, nikasema Doto anatetemeka mikono, na baba yako mdogo, yule mnene, akanyanyuka akaanza kuigiza mtu anayetetemeka na kikombe cha pombe, watu wakaanguka chini kwa kicheko. Katekista alikuwa anajifuta machozi. Sikuwa nimewahi kuchekwa vizuri hivyo maishani mwangu. Doto alikuwa amekaa mkekani na wenzake, ameficha mikono chini ya gauni, na yeye anacheka, kwa sababu wakubwa wanacheka.

Masanja, niliwachukia. Nilitazama ile midomo yenye mafuta ya nyama ya msiba wako nikaichukia yote, na utani wenyewe nikauchukia, mimi niliyeufanya kazi tangu ujana.

Ngasa akaja mbele na jogoo mweupe kafungwa miguu. Unajua inavyokuwa, mtani akizidi anafungwa mdomo kwa kitu, anapokea, anashukuru kwa tusi la mwisho, anakaa. Mimi sijawahi kukataa. Kwenu nimewahi kupokea mpaka kofia iliyotoboka. Nikampokea yule jogoo. Nikachuchumaa nikamfungua kamba, nikamwachia. Akakimbilia kwenye mihogo.

Kicheko kilipungua kidogo, wengine wakidhani ndiyo sehemu ya mchezo. Nikatembea mpaka alipoketi Mayu, mama yako, ambaye toka nimjue hajanipokea bila kuniuliza nimekuja kuomba nini leo. Nikapiga magoti mbele yake. Nikasema shikamoo mama.

Alinishika kidevu akaniinua uso, akanitazama, macho yake unayajua, yana ukungu lakini yanaona. Kisha akasema kwa sauti ya kufika mpaka kwenye zizi:

"Mgogo ameacha jogoo aende. Leo si utani. Nyamazeni." Halafu, taratibu: "Rudia, ng'wanawane."

Mwanangu. Ndivyo alivyoniita. Nikarudia yote, bila kuongeza chumvi, sauti yangu ikiwa mbovu. Nikaeleza ile picha, kwamba ule ni mvuke wa baridi na si moshi, kwamba wewe ulikuwa ukitoa watoto darasani kwa vitone vya kipimajoto kimoja. Hakuna aliyecheka. Mayu akamwita Doto, akaagiza kikombe cha maji kilichojaa, akampa ashike. Tulitazama wote. Maji yalimwagika kwenye gauni lake la misa, mtoto akaanza kulia, na baba yako mdogo mnene akainuka akaenda kusimama nyuma ya nyumba.

Mayu akasema mke wa mwanawe na wajukuu zake hawarudi Rwamgasa. Ngasa akajaribu kusema kwamba mama hajui mambo ya kisasa. Mayu alimwambia tu arudishe picha. Ngasa akasema picha ni ya biashara. Akaondoka siku ile ile, na mpaka naandika hapa bado uko pale mlangoni, unacheka, nao wananunua.

Sasa nikueleze na lililobaki, usije ukadhani nimekuwa shujaa. Mama Kulwa na watoto sasa wanakaa kwa Mayu, na nikienda haongei na mimi. Ananiwekea chakula, ananipa mgongo. Nilichomnyang'anya nakijua, na sikumpa kitu badala yake. Fizi zake zimeanza kupona, lakini hilo halimfurahishi. Na kwenu mimi nimeharibika. Nikifika wananipa kiti. Watoto wananiamkia shikamoo mwalimu, wazee wananiuliza habari za kazi. Hakuna anayeniuliza nimekuja kuomba nini. Nilimtupia baba yako mdogo neno moja juu ya tumbo lake, akatazama chini akasema ni kweli. Ni kweli! Nimekuwa mtu wa heshima Segese, na sijawahi kujisikia mgeni hivyo tangu nizaliwe.

Jana nilifungua tasnifu yako nikatafuta mahali ulipoandika kwa maneno. Hesabu zako nazifuata mpaka katikati, kisha zinaniacha. Niliona ulivyomshukuru mama yako, kwa Kisukuma, katikati ya Kiingereza chote kile. Nikaifunga. Bado nina hasira na wewe pia, ujue. Ungemweleza mke wako kitu kimoja tu kuhusu picha ile, kimoja, badala ya kuniambia mimi kwenye gesti ya Kahama.

Jumatatu nampeleka Doto Mwanza, hospitali kubwa. Tabibu wa hapa anasema mikono ya mtoto huweza kutulia akishaondolewa kwenye moshi, na anasema pia huenda isitulie, yeye hajui, hajawahi kuona. Kulwa hana kitu, au bado hakijaonekana. Mayu amekwisha funga mzigo wake, anasema anakuja na sisi na nisibishane naye. Doto ameniomba tukirudi nimfundishe kuandika kwa mkono wa kushoto, kwa sababu anaona huo una nafuu.

Nakuahidi hivi. Picha nitaitoa pale mlangoni, hata kama ni kwa kuing'oa mchana kweupe na kupigwa na wachimbaji wote wa Rwamgasa. Na Doto sitamwachia mtu. Mikono yake ikitulia, nitakuja kaburini kwako na matusi yote niliyokuwekea mwaka mzima, utayasikiliza huwezi kujibu. Isipotulia nitakuja vilevile. Siku hiyo nitakaa chini, nitakuamkia.

Kaa salama, Masanja.

Ndahani